Niliingiza gia ya pili badala ya ya nne nikiteremka Kitonga. Je, injini ya gari langu jipya imeharibika?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Natumaini u mzima na unaendelea vema na kazi ya kutuelimisha. Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari mkoani Iringa. Mwaka huu nilichukua mkopo kwenye SACCOS yetu ya walimu, nikaongezea akiba niliyokuwa nayo, nikanunua gari dogo jipya kabisa la kilomita sifuri, lenye injini ya petroli ya cc 1200 na gia tano za mkono. Ni gari langu la kwanza. Wengi walinishauri ninunue lililokwisha kutumika Japani kwa kuwa bei yake ni nafuu, lakini nilitaka gari ambalo historia yake naijua mwenyewe tangu siku ya kwanza.

Nilikuwa nampeleka mama Morogoro. Tulipoanza kuteremka mlima Kitonga nilikuwa katika gia ya tano, mwendo kama kilomita 70 kwa saa, na mbele yangu kulikuwa na lori linalokwenda polepole, hivyo nikataka kurudi gia ya nne. Nilivuta gia, nikaachia klachi, na papo hapo injini ikapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia, gari likazuilika kana kwamba nimekanyaga breki kwa nguvu zote, na mama akarushwa mbele hadi mkanda ukamkaba. Mshale wa RPM, yaani wa mizunguko ya injini kwa dakika, uliruka ukakaribia sana eneo jekundu, ambalo kwenye gari langu linaanzia 6,000. Sina hakika kama uliingia humo, kwa sababu macho yangu yalikuwa barabarani. Nilikanyaga klachi mara moja, na nilipotazama nikakuta nimeingiza gia ya pili.

Tulipofika Ruaha Mbuyuni nilisimama. Hakuna taa ya onyo iliyowaka, injini ilinguruma kama kawaida, hapakuwa na moshi wala oili iliyovuja, na tulikwenda Morogoro na kurudi salama. Hata hivyo tangu hapo sina amani. Shemeji yangu, ambaye ni dereva wa miaka mingi, anasema kuwa injini mpya ikizungushwa namna ile kabla gari halijafikisha kilomita 1,000 huwa imekwisha kujeruhiwa kwa ndani, na kwamba haitapita mwaka itaanza kula oili na hatimaye itanoki. Fundi mmoja wa Morogoro alinishauri tufungue silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda, tukague valvu kwa macho.

Kwa hofu hiyo nimebadili namna ya kuendesha. Siruhusu mshale upite 2,000, naingiza gia ya tano mapema hata pale gari linapotetemeka, na milimani nateremka frii, yaani bila gia, huku nikishika breki ili injini isizungushwe tena na matairi. Je, injini yangu imeharibika? Nimruhusu fundi aifungue? Na nikiwaeleza walioniuzia, je, hawatanifutia dhamana?

Mwalimu, Iringa

JIBU

Mwalimu, pole sana wewe na mama. Swali lako la injini nitalijibu kwa kirefu, lakini mwishoni mwa barua yako lipo jambo ambalo haliwezi kusubiri: nakuomba kuanzia leo usiteremke tena mlima frii. Kilichotokea siku ile Kitonga kilikuwa cha sekunde chache na, kama nitakavyoonyesha, kwa kila dalili hakikuacha jeraha. Hiki ulichoanza kukifanya kwa ajili ya kuilinda injini ndicho kinachoweza kukuua wewe na utakaokuwa umewabeba.

Gari linapoteremka likiwa kwenye gia, na mguu wako umeondoka kwenye mafuta, injini yenyewe hulizuia, kwa sababu matairi hulazimika kuizungusha yakishinda msuguano wake, huku pistoni zikivuta hewa ambayo njia yake ya kuingilia imebanwa. Ukitoa gia, kazi yote hiyo huhamia kwenye breki. Gari lako likiwa na watu wawili na mizigo michache lina uzito wa kama kilo 1,000, na kila linaposhuka mita 100 za kimo huachia nishati inayotosha karibu kuchemsha lita 3 za maji. Joto lote hilo linaingia kwenye pedi na diski zako, tena kwa dakika chache, na Kitonga si mteremko wa mita 100 tu. Pedi zikipata moto kupita kiasi hupoteza mkamato, yaani unakanyaga kwa nguvu zile zile lakini gari halipungui mwendo. Joto likifika kwenye mafuta ya breki hali huwa mbaya zaidi. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka, na yakishafyonza vya kutosha yanaweza kuchemka yakifika 140 tu. Yakichemka hutoa mvuke, na kwa kuwa mvuke hubanwa ilhali kimiminika hakibanwi, pedali huzama hadi chini na hakuna kinachotokea.

Wapo madereva wanaoamini kuwa frii huokoa mafuta. Kwa injini za zamani za kabureta palikuwa na ukweli fulani, ila katika injini ya kisasa ya injekta, kama yako, kompyuta hukata mafuta kabisa pale gari linaposukuma injini huku mguu umeondolewa. Ukiwa frii, injini huendelea kuchoma mafuta ili isizime. Kwa hiyo hata senti huokoi.

Sasa tuje kwenye injini. Ziko njia mbili za kuizungusha kupita kiasi, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ya kukanyaga mafuta: mtu anapiga resi gari likiwa limesimama, au anachelewa kubadili gia wakati wa kuongeza mwendo. Hapo injini za kisasa zina kinga, kwani mizunguko ikifika kikomo kilichowekwa na kiwanda, kompyuta hukata mafuta au moto wa plagi, na injini haiwezi kupanda zaidi hata ukikandamiza pedali hadi sakafuni. Njia ya pili ni hii iliyokupata wewe. Ukiingiza gia ndogo kuliko uliyokusudia, kinachoizungusha injini ni matairi, na kompyuta haina uwezo wa kuyazuia. Inaweza kukata mafuta itakavyo, mizunguko itapanda tu kulingana na mwendo wa gari. Hii ndiyo sababu shemeji yako ameogopa, na kwa kuogopa aina hii ya tukio hajakosea.

Alipokosea ni kutokuuliza ulikuwa mwendo gani. Katika gia moja, klachi ikiwa imeachiwa, mwendo wa gari na mizunguko ya injini hupanda na kushuka kwa uwiano ule ule, kwa hiyo huhitaji kukisia mshale ulifika wapi, unaweza kukokotoa. Tafuta barabara tambarare isiyo na magari, ingiza gia ya pili, endesha kwa kilomita 40 kwa saa bila kubadili mwendo, kisha usome mshale wa RPM. Magari ya ukubwa wa lako yenye gia tano husoma karibu na 3,000 katika hali hiyo. Ukikuta ni 3,000 kweli, zidisha kwa 70 kisha ugawe kwa 40, utapata 5,250. Huo ndio mzunguko wa juu kabisa ambao matairi yangeweza kuilazimisha injini yako siku ile, na uko chini ya mstari wako mwekundu kwa 750. Unalingana pia na ulichokiona, kwamba mshale ulikaribia sana eneo jekundu. Yowe ulilolisikia ni sauti ya injini ya petroli ikizunguka kwa 5,000 na ushee, sauti ambayo mwendeshaji mtulivu anaweza kumaliza miaka asiisikie.

Kwa hesabu hiyo hiyo, ungekuwa katika kilomita 80 ungegusa 6,000 kamili, na ungekuwa katika kilomita 110 kwenye barabara iliyonyooka matairi yangeidai injini mizunguko 8,250. Hapo ningekuandikia barua ya namna nyingine. Fikiria kinachotendeka ndani: kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, kila pistoni hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde moja, maana yake husimama kabisa na kugeuza mwelekeo mara 200 kwa sekunde. Nguvu ya kuisimamisha hubebwa na konrodi, yaani fimbo inayoishika pistoni kwa chini, boliti zake na beringi zake, na nguvu hiyo haikui sambamba na mizunguko bali kwa kipeo chake cha pili. Mizunguko ikiongezeka kwa nusu, kutoka 6,000 hadi 9,000, nguvu hufika mara mbili na robo. Juu kwenye silinda hedi, springi za valvu hushindwa kuzirudisha valvu kwa wakati, na katika injini nyingi za leo pistoni inayopanda huzikuta valvu bado ziko wazi na kuzipinda. Mstari mwekundu umewekwa ili hayo yasitokee, na chini yake injini imejengwa ifanye kazi.

Tuseme hata hivyo kuwa hukuukumbuka mwendo sawasawa, na kwamba mshale uliugusa mstari kwa nusu sekunde. Madhara ya kuzidisha mizunguko hayajifichi kama watu wanavyosimulia. Valvu iliyopinda haifungi, silinda yake hupoteza kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, papo hapo, na injini huanza kumisi na kutetemeka ikiwa imesimama bila kukanyagwa mafuta. Taa ya injini huwaka au kupepesa, na gari hukosa nguvu. Usingefika Ruaha Mbuyuni bila kulijua hilo, sembuse kupanda Kitonga siku ya kurudi. Kinachoweza kuchelewa kuonekana ni beringi za konrodi, na hizo hutoa mlio mzito wa kugonga kutoka chini ya injini, kama kugongwa kwa nyundo ndani ya boksi, hasa unapokanyaga mafuta ukipanda. Zikisagika, oili hutoka na vipande vidogo vinavyometa. Pima oili kwa kijiti chake kila Jumamosi asubuhi kabla hujawasha gari, likiwa mahali tambarare, kwa mwezi mmoja hivi, na uandike kimo chake kwenye daftari. Kimo kikibaki pale pale, na mlio huo usisikike, la kula oili na la kunoki huna haja ya kuliwaza.

Kitu kimoja zaidi cha kuangalia kiko kwenye giaboksi na si kwenye injini. Ili gia ya pili iingie kwa mwendo ule, ringi ya sinkronaiza yake, ambayo kazi yake ni kulinganisha kasi kabla gia haijaingia, ililazimika kuusukuma mhimili wa klachi uzunguke kwa kasi kubwa kwa mara moja. Kwa tukio moja huwa inastahimili. Ukihisi siku zijazo kuwa gia ya pili inakwaruza au inagoma kuingia, mweleze fundi jambo hili wazi. Na jambo la kuogofya kuliko yote katika sekunde zile, ambalo shemeji hakulitaja, lilikuwa nje ya injini: matairi ya mbele yalipovutwa nyuma ghafla yangeweza kuteleza, na kama barabara ingekuwa imelowa na wewe uko kwenye kona, usukani usingekutii. Kukanyaga klachi haraka kulikuwa uamuzi sahihi.

Kuhusu upya wa injini, ni kweli kwamba kilomita za mwanzo ni za kuizoeza taratibu. Ringi za pistoni bado hazijakaa sawasawa kwenye kuta za silinda, ambazo kiwandani huachwa na mikwaruzo midogo inayokatishana ili ishike oili, na ringi na kuta husuguana mpaka zilingane. Vitabu vya magari mengi ya Toyota, kwa mfano, humtaka mwenye gari katika kilomita 1,000 za kwanza aepuke mwendo wa kasi sana, kuongeza mwendo kwa ghafla, kuendesha mfululizo katika gia ndogo, na pia kuendesha kwa mwendo mmoja usiobadilika kwa muda mrefu. Soma kitabu cha gari lako, kwa kuwa kiwango hutofautiana. Katika masharti hayo hakuna linalosema kuwa mshale ukipanda kwa sekunde mbili injini imekufa. Shabaha ya masharti hayo ni mazoea ya dereva.

Na mazoea uliyoyaanza, Mwalimu, hayaisaidii injini mpya. Gari linapotetemeka katika gia ya tano chini ya mizunguko 2,000, hasa likipanda, injini inabeba mzigo mkubwa huku ikizunguka polepole. Kila mlipuko ndani ya silinda husukuma pistoni na beringi kwa nguvu kubwa wakati pampu ya oili nayo inazunguka taratibu. Ringi nazo huhitaji mgandamizo unaopanda na kushuka ili zikae vizuri. Kwa gari kama lako ningependa mshale utembee kati ya 2,000 na 3,500, upande na kushuka kulingana na barabara, na ukipanda mlima urudi gia ya tatu bila woga hata ukifika 4,000 kwa muda mfupi. Iringa asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kali, kwa hiyo usipige resi injini ikiwa haijapata moto. Ondoka taratibu, endesha kwa upole, na kumbuka kuwa oili huchelewa kupata joto kuliko maji, hivyo mshale wa joto ukishatulia ipe dakika chache zaidi.

Fundi wa Morogoro mkatalie. Sisemi ana nia mbaya, ila kufungua silinda hedi ya injini isiyo na dalili yoyote ni kuitafutia injini ugonjwa. Gasketi ya kiwandani itatupwa, na boliti za silinda hedi katika injini nyingi za sasa huvutika zinapokazwa na hazipaswi kurudiwa. Isitoshe, injini ya gari lililo chini ya dhamana ikifunguliwa na fundi wa nje, muuzaji anakuwa na sababu nzito ya kukataa madai yako ya baadaye kuhusu injini hiyo. Ukitaka uhakika, zipo njia zisizogusa hata boliti moja ya silinda hedi. Kompresheni hupimwa kwa kutoa plagi na kuingiza kipimo, na silinda zote zikitoa namba zinazokaribiana, valvu zako ziko salama. Kamera nyembamba inaweza kupitishwa kwenye tundu hilo hilo la plagi ikaonyesha kama uso wa pistoni una alama ya kugongwa. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari nayo itaonyesha kama kuna silinda iliyorekodiwa kumisi. Omba vipimo hivyo kwa aliyekuuzia gari, wakati wa sevisi ya kwanza.

Kuhusu dhamana, ndiyo, waeleze waliokuuzia gari jambo hili. Kwa kawaida dhamana haifidii uharibifu uliotokana na uendeshaji, na kulisema tukio hakuondoi dhamana ya vitu visivyohusiana nalo. Tena kwa hesabu tuliyoifanya hukuvuka kikomo, kwa hiyo unachoripoti ni gia iliyoingia vibaya na injini iliyobaki ndani ya mipaka yake. Yapo magari, Porsche kwa mfano, ambayo kompyuta yake hutunza kumbukumbu ya kila mara injini inapopita kikomo, na wanunuzi wa magari hayo yaliyotumika huomba isomwe kabla ya kulipa. Kulificha tukio ambalo huenda mashine inalijua hakukupi faida yoyote. Waombe waliandike kwenye kitabu cha sevisi pamoja na kilomita zilizosomeka na majibu ya vipimo. Oili ya kwanza nayo wasiitoe mapema kwa hofu tu, kwa sababu wapo watengenezaji wanaotaka ikae muda wake wote. Wafuate kitabu, na watakapoitoa uwepo, uitazame kwenye mwanga.

Limebaki suala la mkono. Katika gia tano, ya tano iko juu kulia, ya nne iko chini katikati, na ya pili iko chini kushoto. Ndani ya giaboksi kuna springi ambayo huirudisha gia katikati, kwenye mstari wa tatu na nne, kila inapokuwa huru. Kosa hutokea pale dereva anapoikamata gia kwa ngumi na kuivuta kwa mshazari kwenda kushoto, akaipitisha katikati. Fungua vidole, itoe gia ya tano kwa kiganja hadi iwe huru, iache springi iilete katikati yenyewe, kisha ivute chini moja kwa moja. Fanya mazoezi gari likiwa limesimama, injini imezimwa, klachi imekanyagwa, mpaka mkono uzoee. Halafu achia klachi taratibu kila unaporudisha gia, kwa sababu ukihisi injini inaanza kupanda kuliko ulivyotarajia utakuwa na nafasi ya kuikanyaga tena kabla haijafika mbali.

Utakaporudi Kitonga, punguza mwendo kwa breki kabla mteremko haujaanza, ukiwa bado juu, kisha uingize gia ya tatu kwa kilomita 50 kwa saa au chini ya hapo. Mshale utasimama kama 2,500. Gari likiendelea kuongeza mwendo, kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, lishushe hadi kilomita 40, uingize gia ya pili na uachie breki zipoe. Injini itanguruma kwa 3,000 na itasikika kuliko ulivyozoea. Iache ingurume hivyo mpaka chini, na umwambie mama mapema kuwa sauti hiyo ndiyo inayolishikilia gari.